Kutoka uwanjani hadi kwenye filimbi: jibu kwa beki wa lakrosi aliyeombwa kuwa kocha

Swali: "Mimi ni Mkenya niliyelelewa Lowell, Massachusetts. Nilianza lakrosi, ule mchezo wa kubeba na kurusha mpira kwa fimbo yenye wavu, nikiwa na miaka 12, na chuoni nilicheza beki miaka minne katika timu ya Daraja la Tatu la NCAA, chama cha michezo ya vyuo Marekani. Mwaka wa mwisho nilicheza nusu tu, kano ya goti ilikatika nikafanyiwa upasuaji. Sasa shule moja ya sekondari ya hapa imeniomba niwe kocha msaidizi wa wasichana, msimu unaanza Machi. Nilikwenda kuwasaidia kwenye mazoezi ya vuli. Niliwaonyesha kila ninachokijua, wakabaki kuniangalia. Mpira wa chini ambao mimi nauokota bila kufikiri, wao wanausukuma kama wanafagia uwanja. Mwishowe nikawa nawafokea. Kocha mkuu ameniambia mchezaji mzuri huwa kocha mzuri, nivumilie tu. Baba naye anasema hiyo si kazi, nitafute kazi ya maana. Nianzie wapi, nahitaji vyeti gani, na je, mtu anaweza kuishi kwa ukocha?"

Jibu:

Pole kwa goti, dada, na hongera kwa kumaliza chuo. Umeuliza mambo matatu kwa pamoja: kwa nini wasichana hawakuelewi, uanze vipi rasmi, na baba yako ana haki kiasi gani. Nitakaa zaidi kwenye la kwanza, maana hilo likikaa vibaya, vyeti havitakusaidia.

Kocha wako mkuu amekutia moyo kwa nia njema, ila alichosema si kweli. Kinyume chake, kwamba makocha bora ni wale waliokuwa wachezaji wa kawaida, nacho si kweli. Kelly Amonte Hiller alikuwa mchezaji bora wa wanawake wa vyuo Marekani mwaka 1995 na 1996 akiwa chuo cha Maryland, kisha akaijenga timu ya chuo cha Northwestern karibu kutoka mwanzo: ilirudi kucheza rasmi mwaka 2002, ikatwaa ubingwa wa taifa mwaka 2005, na mpaka 2023 ilikuwa na mataji manane. Kucheza vizuri hakukumzuia, lakini si ndiko kulikomfanya kocha. Katika timu zake za mwanzo alichukua hata mapacha wawili aliowaona wakikimbia chuoni, wanamichezo ambao hawakuwa wachezaji wa lakrosi, akawafundisha. Kufundisha mtu asiyejua kushika fimbo ni ujuzi wa peke yake, na huo ndio hujaanza kuujenga.

Kilichokupata vuli kina maelezo. Mtu anapojifunza kitendo, mwanzoni anakiongoza hatua kwa hatua kwa kufikiri: mkono huku, mguu kule. Akikirudia mara elfu kadhaa, zile hatua zinaungana na kuwa kitendo kimoja kinachojiendesha chenyewe. Faida yake ni kwamba akili inabaki huru kumtazama mpinzani. Hasara yake ni kwamba hatua za ndani zinapotea machoni pa mwenye ujuzi. Ukiulizwa unaokotaje mpira wa chini, utajibu "jishushe, upite nao", na kwako hayo ni maelezo kamili. Kwa msichana wa miaka 14 ni maneno mawili yasiyo na kitu ndani. Ukimwonyesha kwa kasi yako, haoni la kuiga, kwa sababu kila kitu kinatokea ndani ya nusu sekunde. Ndipo anabaki kukuangalia, na wewe unadhani hataki.

Kwa hiyo kazi yako ya kwanza ni kuvunja kila ustadi ulio nao urudi kuwa vipande, na kujua kila kipande kikikosekana mpira unafanya nini. Tuuchukue huo mpira wa chini, kwa kuwa ndio uliokuudhi.

Mpira una kipenyo cha kama milimita 64 na uzito wa karibu gramu 145. Ni mpira wa raba, unaviringika na kudunda kwa urahisi. Ili uingie kwenye kichwa cha fimbo, mdomo wa kichwa lazima uingie chini ya mpira, na hilo linawezekana tu kama fimbo imelala karibu sambamba na ardhi. Kinachoamua fimbo ilale au isimame ni mkono wa chini, ule ulioshika mkia wa fimbo. Ukishuka hadi usawa wa goti au chini zaidi, fimbo inalala. Ukibaki kiunoni, fimbo inasimama, mdomo unaugonga mpira kwa nyuma badala ya kuingia chini yake, na mpira unakimbia mbele. Huko ndiko kufagia ulikokuona. Mwambie msichana "ingia chini zaidi", naye atainamisha mgongo, kwa sababu ndivyo mwili unavyoelewa neno chini. Mgongo ukiinama huku magoti yamenyooka, mkono unabaki palepale kiunoni. Anarudia kosa lilelile, safari hii na mgongo unamuuma.

Kosa la pili ni kufunga breki. Wengi wanapunguza mwendo wakifika kwenye mpira, kwa sababu macho yameshaondoka kwenye mpira na kumtazama mpinzani anayekuja. Fimbo ikiacha kwenda mbele, mpira hauna kinachouingiza kwenye mdomo wa fimbo. Kosa la tatu ni mguu: mpira ukiwa mbali mbele ya miguu, mkono wa chini hauwezi kushuka hata akitaka. Mguu wa upande wa fimbo unapaswa kukanyaga karibu na mpira, na mdomo wa fimbo uguse ardhi kama shibiri moja kabla ya mpira.

Sasa, kujua haya hakumaanishi uyamwage yote. Hapa ndipo wachezaji wa zamani wengi wanapokosea kwa mara ya pili: wakigundua vipande, wanavitaja vyote kwa pumzi moja. Tafiti za mwanasayansi Gabriele Wulf na wenzake juu ya kujifunza vitendo zimeonyesha mara nyingi kwamba mtu hujifunza vizuri zaidi akielekezwa kwenye matokeo yaliyo nje ya mwili wake kuliko akielekezwa kwenye viungo vyake. Badala ya "shusha mkono wa kushoto, kunja goti, nyoosha kiwiko", mwambie "mkia wa fimbo uguse majani." Hapo mkono unashuka wenyewe, na magoti yanakunjika kwa sababu hayana njia nyingine. Badala ya "usipunguze mwendo", weka koni mita tano mbele ya mpira na useme "fika kwenye koni ukiwa na mpira." Koni itafanya kazi ambayo sauti yako ilishindwa.

Maelekezo yawe moja kwa zamu. Akishakosa, usimrukie. Mwache ajaribu mara tatu au nne, kisha umuulize mpira ulikwenda upande gani na anadhani kwa nini. Mara nyingi atajibu sawasawa. Ukimsahihisha kila jaribio, atafanya vizuri ukiwa umesimama pale na kuanguka siku ya mechi, kwa sababu hajajenga njia ya kujisahihisha mwenyewe.

Nakuomba pia uangalie foleni. Mazoezi ya shule nyingi bado ni mistari miwili ya wasichana wakitupiana mpira mmoja, kila anayerusha anakimbilia nyuma ya foleni. Piga hesabu: wasichana kumi, mpira mmoja, kila mrusho sekunde nne. Kila msichana anadaka mara moja kwa sekunde 40, yaani mara 15 kwa dakika kumi. Wagawe wawiliwawili, kila jozi na mpira wake, mwendo uleule: kila mmoja anadaka mara 75. Si lazima uwe na ufundi wowote wa ajabu kuizidi timu jirani, unahitaji mipira ya kutosha na kuvunja foleni. Na ukuta wa shule usiusahau. Dakika kumi za kurusha ukutani, mkono wa kulia na wa kushoto kwa zamu, zinamsaidia anayeanza kuliko hotuba yoyote.

Lakini kurudia kitu kimoja kwa mpangilio uleule nako kuna mtego. Tangu jaribio la watafiti Shea na Morgan la mwaka 1979 linajulikana hivi: anayefanya mazoezi ya kitendo kimoja mfululizo anaonekana hodari siku hiyohiyo, ila anayechanganya vitendo ndiye anayekumbuka zaidi baadaye. Kocha mpya hudanganywa na uzuri wa mazoezi. Mazoezi yaliyojaa makosa kidogo, ambapo wasichana wanalazimika kuamua, mara nyingi ndiyo yanayofundisha. Kwa anayeanza kabisa mpe marudio ya mfululizo mpaka apate umbo la kitendo, siku mbili tatu, kisha anza kuchanganya.

Mfano wa dakika 90 kwa wasichana 22 na makocha wawili. Dakika 15 za kwanza ni kupasha mwili moto, na si kuzunguka uwanja mara mbili. Hapo weka kuruka na kutua magoti yakiwa yameelekea vidole, kusimama mguu mmoja, kukimbia na kubadili upande kwa hatua fupi. Mazoezi ya namna hii yakifanywa mara mbili au tatu kwa wiki msimu mzima hupunguza majeraha kama lile lililokukata wewe, na wasichana wa umri huo ndio walio hatarini zaidi. Wewe una sababu ya kulisimamia hilo kuliko kocha mwingine yeyote hapo. Dakika kumi za jozi, kurusha na kudaka umbali wa mita kumi. Kisha dakika 20 za mpira wa chini unaoishia kwenye wawili dhidi ya mmoja: kocha anauviringisha mpira, wawili wa timu moja na mmoja wa nyingine wanaugombea, atakayeupata anashambulia goli. Humo kuna kuokota, kuupembeza mpira kwenye fimbo ukikimbia, kupasi na kuamua, vyote kwa pamoja. Dakika 25 za ulinzi, wanne kwa wanne. Zilizobaki ni mchezo wenye sharti moja, kwa mfano timu ikipata mpira lazima ipasi mara mbili kabla ya kupita katikati. Acha dakika tano za kunywa maji na kuzungumza.

Kama mnafanya mazoezi ya baridi kwenye ukumbi, jaribuni ile lakrosi ya wachezaji sita kila upande, kipa akiwa mmoja wao, ambayo itachezwa Olimpiki ya Los Angeles 2028. Uwanja wake ni mita 70 kwa 36 tu, robo nne za dakika nane, na timu ina sekunde 30 za kupiga goli. Kwa ukumbi wa shule utaupunguza tena. Ninachoupendea ni kwamba hakuna pa kujificha: msichana ambaye kwenye uwanja mkubwa hugusa mpira mara mbili kwa mechi, hapo ataugusa kila dakika.

Ulinzi ni eneo lako, kwa hiyo ningekushauri umwombe kocha mkuu akukabidhi huo tu kwa mwaka wa kwanza. Msaidizi anayegusa kila kitu hana anachomiliki. Anza na namna ya kumkaribia mwenye mpira. Anayeanza hukimbia kasi moja mpaka mwisho, akapitwa kama nguzo. Kutoka mita kumi akimbie kwa nguvu mita saba za mwanzo, kisha mita tatu za mwisho hatua ziwe fupi na za haraka, nyonga zimegeuka upande kidogo ili kumsukumia mshambuliaji pembeni, mbali na mdomo wa goli. Fimbo iwe juu, mbele ya mwili. Wakishakuwa wazuri kwa miguu ndipo uwafundishe kugonga fimbo ya mpinzani. Ukianza na kugonga watajifunza kunyoosha mikono badala ya kusogeza miguu. Na kwenye mchezo wa wanawake kugonga kuelekea kichwani, ndani ya lile eneo la kama sentimita 18 kuzunguka kichwa, ni faulo inayoweza kuleta kadi.

Wasichana wako watafanya faulo mbili mara kwa mara mwanzoni mwa msimu, na wewe utashangaa kwa sababu kwako ni jambo la silika. Moja ni kukaa zaidi ya sekunde tatu ndani ya tao la mita nane lililo mbele ya goli bila kumkaba mtu kwa umbali wa urefu wa fimbo. Ya pili ni kusimama kati ya mpigaji na goli bila kuwa karibu naye kwa urefu huohuo wa fimbo. Kanuni hiyo ya pili ipo kumlinda beki asipigwe na mpira, si kumpendelea mshambuliaji. Waeleze hivyo na wataishika upesi zaidi. Chora tao kwa chaki au koni kwenye kila zoezi la ulinzi. Ukifanya mazoezi bila tao, unawafundisha kukosea.

Sauti nayo hufundishwa. "Ongeeni" haitoshi, hakuna anayejua aseme nini. Wape maneno matatu tu: la anayemkaba mwenye mpira, la wa kwanza kwenda kusaidia akipitwa, na la wa pili anayejaza pengo. Kisha endesha zoezi ambalo kuzuia goli hakuhesabiwi kama maneno hayo hayakusikika. Wiki ya kwanza watacheka, ya pili watanong'ona. Wape muda.

Kuhusu kufoka: mara nyingi kocha mpya hufoka akiwa hana la kusema. Kufoka kwa ajili ya usalama ni sawa, kwa ajili ya kosa la ufundi hakufundishi kitu, kwa sababu aliyefokewa macho yake yanahamia kwako kutoka kwenye mpira. Ukihisi hasira inapanda, simama pembeni na utazame mchezaji mmoja tu kwa dakika tatu, uandike alichofanya kabla ya kukosea. Miguu yake ilikuwa wapi? Alikuwa anatazama nini? Haya ndiyo mageuzi makubwa kutoka mchezaji kwenda kocha: mchezaji hutazama mpira, kocha hutazama wasio na mpira. Ukiweza kuona mechi za vyuo kwenye runinga, zirudie ukiwa umemkazia macho beki mmoja tu asiye upande wa mpira.

Goti lako halikupunguzii kitu hapa. Onyesha kwa mwendo wa kutembea, maana huo ndio mwendo wanaouona. Usijiingize kuziba pengo la mchezaji aliyekosekana. Makocha vijana hupenda, na ni hapo magoti yaliyoshonwa huumia tena, kwa sababu mwili unakumbuka kasi ya zamani na misuli haijarudi. Ukiona goti linavimba baada ya mazoezi, linafyatuka au kukwama, usisubiri msimu uishe. Rudi kwa daktari wako wa upasuaji au mtaalamu wa viungo.

Sasa vyeti. Shule itakuchunguza rekodi ya jinai kabla hujaanza, ni kawaida Massachusetts kwa kila anayefanya kazi na watoto shuleni, pamoja na alama za vidole. Utatakiwa kuwa na mafunzo ya huduma ya kwanza na CPR (kumfufua aliyesimama moyo au pumzi), na mafunzo ya mtikisiko wa ubongo, ambayo jimbo linayataka kila mwaka. Kuna pia kozi ya misingi ya ukocha inayofanywa mtandaoni. Mkurugenzi wa michezo wa shule ndiye mwenye orodha kamili na tarehe za mwisho, mwandikie mapema kwa sababu majibu ya uchunguzi huchukua muda. Mbali na ya shule, USA Lacrosse, chama cha taifa chenye makao yake Sparks, Maryland, kina ngazi za mafunzo ya ukocha, na klabu nyingi za watoto hazitakupokea bila uanachama wao, uchunguzi wao na kozi ya SafeSport, ya kuwalinda wanamichezo dhidi ya unyanyasaji. Fanya hata kama shule haikulazimishi. Kozi yao ya mwanzo haitakufundisha lakrosi mpya, itakufundisha nini mtoto wa miaka 9, 12 na 15 anaweza kukifanya. Hicho ndicho kilichopungua.

Mambo mawili ya usalama usiyaache yapite kama karatasi za kutia saini. Msichana aliyegongwa kichwa na kuonekana hayuko sawa, hata kidogo, anatoka na harudi siku hiyo. Si wewe wala mzazi wake wa kuamua vingine, ni mhudumu wa afya. Pili, mpira ukimpiga mtu kifuani kwa wakati mbaya wa mapigo ya moyo, moyo unaweza kusimama papo hapo hata kwa kijana mwenye afya. Ni nadra, lakini dakika zinahesabika: jua ile mashine ya kushtua moyo iko wapi, nani ana ufunguo, na nani atapiga simu ya dharura, 911. Uliza siku ya kwanza, na uliza tena kwenye kila uwanja wa ugenini.

La tatu ni la umri wako. Una miaka 22 au zaidi kidogo, wao wana 17. Watataka uwe dada yao. Kuwa mkarimu, lakini usiwe na ujumbe wa siri wa simu na mchezaji mmoja mmoja. Tumia kundi ambalo kocha mkuu au mzazi yumo. Mazungumzo ya wawili yafanyike mahali watu wanaona. Mwisho wa mazoezi usimpe lifti msichana akiwa peke yake. Hii inawalinda wao, na inakulinda wewe.

Tuje kwa mzee. Baba yako ana haki nusu. Ukocha msaidizi wa sekondari hulipa posho ya msimu, kwa kawaida dola elfu chache, na ukigawa kwa saa utacheka. Hakuna anayeishi Massachusetts kwa hiyo. Wengi wanaokaa muda mrefu kwenye ukocha wa shule ni walimu, na kwa wengi hiyo ndiyo njia ya busara: kazi kamili yenye bima, na saa za alasiri ambazo mwajiri anaelewa. Klabu za majira ya joto na mafunzo ya mtu mmoja mmoja huongeza kipato. Tahadhari moja: usiwatoze wachezaji wa timu yako mwenyewe mafunzo ya binafsi, kwa sababu siku ukipanga kikosi hakuna mzazi atakayeamini kwamba pesa haikupanga.

Lakini si kweli kwamba hakuna kazi ya kuishi nayo. Ipo vyuoni, na ngazi yake inajulikana. Wengi huanza kama kocha msaidizi mwanafunzi: chuo kinalipa ada ya shahada ya pili, sehemu au yote, pamoja na posho, nawe unafanya kazi ya ukocha kwa miaka miwili. Kisha usaidizi wa kudumu, mara nyingi katika Daraja la Tatu, mwishowe ukocha mkuu kwa wachache. Mwaka 2023 Daraja la Kwanza la NCAA liliondoa nafasi ya kocha wa kujitolea asiyelipwa na kuruhusu timu kuajiri wasaidizi zaidi, kwa hiyo usikubali kuambiwa kwamba kujitolea bure kwa miaka ndiyo njia pekee. Tazama Cathy Reese: alicheza Maryland chini ya kocha Cindy Timchal, akawa msaidizi wake hapohapo, akaenda kuongoza timu ya chuo cha Denver, kisha akarudi Maryland kama kocha mkuu na kuanzia 2010 hadi 2019 akatwaa mataji matano. Amonte Hiller naye alicheza chini ya Timchal huyohuyo. Kwenye mchezo mdogo kama huu, nani aliyekufundisha kazi ni jambo zito, na simu moja ya kocha wako wa chuo inaweza kufungua mlango kuliko maombi ishirini. Mwandikie mwezi huu, umwambie wazi unatafuta nini.

Ukitaka kujua mzee yuko sahihi kiasi gani kwako, jipe misimu miwili ukiwa na kazi nyingine ya mchana, na umwambie hivyo. Mpe muda wenye mwisho, ataelewa kuliko akisikia "napenda mchezo." Na kama kuna msomaji mwingine wa swali hili aliyeko Marekani kwa viza ya mwanafunzi, asiichukue nafasi kama hii kabla ya kuonana na ofisi ya wanafunzi wa kimataifa ya chuo chake. Kujitolea kwenye kazi ambayo wengine hulipwa kunaweza kuhesabiwa kazi isiyo na kibali.

Kuna jambo umelitaja kwa sentensi moja tu: ulicheza nusu ya mwaka wa mwisho. Mchezaji anayeondoka kwa jeraha hupoteza ratiba, mwili aliouzoea na kundi la watu kwa siku moja, na ukocha mara nyingine hutumiwa kuficha msiba huo. Ukijikuta unawaonea wivu wasichana, au kila kosa lao linakuuma kana kwamba ni lako, ujue hasira ile haikuwa juu ya mpira wa chini. Ongea na wachezaji wenzako wa zamani. Na ikiwa huzuni, usingizi mbaya au kukosa hamu ya chochote vinapita wiki mbili, onana na mshauri au daktari ana kwa ana, kama ulivyofanya kwa goti.

Umeniuliza uanzie wapi. Kabla ya kukubali, omba nusu saa na kocha mkuu, uje na maswali yaliyoandikwa. Nitakabidhiwa nini hasa, na ni nani anaamua mabeki watakaoanza? Mazoezi ni siku ngapi kwa wiki, na nitaona mpango wake lini kabla hatujafika uwanjani? Mzazi akilalamika kuhusu dakika anazocheza binti yake, nani anajibu? Tuna mipira mingapi? Huenda swali la mwisho likaonekana dogo, lakini wasichana 22 wanahitaji mipira 40, kwa sababu kumi itapotelea nyuma ya goli na kwenye vichaka kabla ya Aprili. Akishindwa kukujibu la kwanza, mwombe mpange pamoja siku hiyohiyo. Akikataa kulijibu, tafuta shule nyingine. Kwenye jimbo hilo hazikosekani.